Shusha Mbili

Pasaka ya mwaka 2008, Tukuyu. Mvua za Rungwe hazina adabu: zilipiga bati la kanisa mpaka mchungaji akakatisha mahubiri mara mbili, akasimama tu anatungoja.

Mpiga kinanda nilikuwa mimi, na nilikuwa na siri. Nilijua kupiga doh ikiwa C tu. Nota nyeusi nilizigusa kwa bahati mbaya. Kwaya ikitaka D, nabonyeza transipozi, yaani vitufe vya kuhamisha nota zote juu au chini, mara mbili kwenda juu, kiskrini kinaandika 2, vidole vyangu vinabaki palepale kwenye C. Kila mbonyezo ni nusu toni. Waumini walidhani nimesomea.

Siku hiyo tulikuwa na matarumbeta, na yale ya kwetu yanalia B flati, nusu toni mbili chini ya C. Nikashusha mbili, tukaanza vizuri kabisa. Ubeti wa pili, umeme ukakatika. Kwaya na matarumbeta hawakujali, wakaendelea. Ubeti wa tatu umeme ukarudi, nami nikawasha kinanda mbiombio nikaingia kwenye kiitikio kwa kishindo, sauti nimeifungulia yote.

Kumbe kile kinanda kikizimika kinasahau kila kitu. Kimerudi sifuri. Wenzangu wako B flati, mimi niko C, yaani toni nzima juu yao. Watoto wa mbele waligeuka wote kwa pamoja.

Mwalimu wa kwaya alinitolea macho, mikono bado inaongoza: "Shusha mbili!" Kwa kiwewe nikabonyeza kitufe cha kujumlisha. Mara mbili. Sasa nilikuwa nusu toni nne juu. Mama mmoja wa sauti ya pili alijifunika mdomo kwa kitenge, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikapunguza sauti hadi mwisho, nikawa napiga kinanda bubu mpaka Amina.

Baada ya ibada, mzee wa tarumbeta kubwa alinifuata. Hakusema lolote juu ya yaliyotokea. Alikishika kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye nota nyeusi. "Anzia hapa, mwanangu. Gumba lije kwenye C. Nyeusi ni mbili tu, hii na ile." Nilijaribu mara tatu mbele yake, nikakosea zote tatu.

Jumapili iliyofuata nilishusha mbili kama kawaida. Ila safari hii nilikuja na betri kubwa sita kwenye mfuko wa rambo.