Jiwe la Masasi lina michirizi
Wiki iliyopita nilikuwa Masasi msibani, wakati wa kurudi nikaokota kijiwe pale chini ya mlima, cha kuenea kiganjani tu, nikakitia kwenye begi. Kufika nyumbani Mikindani nikakiosha, jamani kikilowa ile michirizi inatoka yenyewe, mweusi mweupe mweusi mweupe, mingine imejipinda kama ukili.

Mpwa wangu akakishika akaniuliza, mjomba, mbona huku kwetu hatuna volkano, mabamba, yale mapande makubwa ya ganda la dunia yanayosogea, yametupita? Maana kitabu chake cha jiografia ni Kilimanjaro, Lengai, Rungwe, basi. Hili huwa linaniuma kwa kweli, Kusini habari ya mabamba tunaikanyaga kila siku ila hakuna wa kutuonyesha.

Nikamwambia hilo jiwe ni naisi. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana hapa, ikainuka milima mikubwa, na miamba iliyokuwa chini kabisa ikabanwa na kupata joto kali bila kuyeyuka, madini yake yakajipanga upya mistari mistari. Mvua na upepo vimeila hiyo milima yote, tumebaki na mizizi, ndo hayo majabali ya Masasi watu wanapiga nayo selfi.

Sasa panda basi la Mtwara. Ukifika Ndanda tazama ule ukingo wa uwanda wa Makonde, hapo sio naisi tena, ni mchanga na udongo tabaka juu ya tabaka, na hiyo ni habari ya kuachana. Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika, kama miaka milioni 160 iliyopita ikaanza kuchomoka, ikateleza kwenda kusini ikipita mbele ya pwani yetu hii hii, ikaacha mpasuko mrefu chini ya bahari unaoitwa Davie na bonde ambalo mito imelijaza mchanga mpaka leo. Gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982 imekaa humo humo kwenye mchanga.

Na volkano je? Kule Lengai ardhi inavutwa huku na huku, inakuwa nyembamba, mwamba wa moto wa chini ukipunguziwa mzigo unayeyuka na kupanda juu. Ila mabamba yakisuguana ubavu kwa ubavu kama Madagaska ilivyopita hapa, mara nyingi nafasi ya kupanda inakosekana.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba wanaopima ardhi kwa satelaiti wanasema tumekaa juu ya kibamba kidogo kinaitwa Rovuma, magharibi kinaishia Ziwa Nyasa, mashariki huko huko baharini kwenye Davie, na kinasogea milimita chache kwa mwaka. Bahari yetu haijatulia, Agosti 12, 2020 usiku tetemeko la ukubwa wa kama 6 lilipiga baharini watu wa Dar wakakimbilia nje.

Kijiwe kakichukua, kesho anaenda nacho shule. Nimemwambia abebe na maji kwenye chupa, akiloweshe kwanza ndo amwonyeshe mwalimu.