Siku Moja Maishani Mwangu: Programu, Siasa na Familia Katika Fomu Moja

Saa 11:00 alfajiri. Nyumbani kwetu ni Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, na siku yangu ya kazi huanza kabla sijatoka nje. Baada ya swala, mama mkwe hukaanga mahamri nami hupasha moto mbaazi za nazi za jana, na hapo ndipo mazungumzo ya nyumba hii yanapofanyika, kwa sababu jioni kila mtu huwa amechoka. Leo mama alikuwa na neno. Kaka yake, ambaye sisi sote humwita Mjomba, ni mvuvi wa Mayungu katika kaunti ya Kilifi. Wavuvi wenzake wamemwalika ajiunge na chama chao cha akiba na mikopo, lakini fomu ya simuni imemgomea ukurasa wa pili. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo si ile kompyuta unayoishughulikia wewe?" Ndiyo hiyo. Kampuni ndogo ninayofanyia kazi mjini imepewa jukumu la kuiandika upya programu ya chama hicho, ambayo iliandikwa miaka mingi iliyopita na watu ambao hawako tena.

Nilimwomba mama anieleze ni swali gani lililomkwamisha. Alisema ni swali la kabila. Fomu inamtaka mwombaji achague kabila lake katika orodha, na katika orodha hiyo hamna Mpemba.

Saa 12:30 asubuhi. Watoto nimewafikisha shuleni, na msafara wa watu waendao kwa miguu umejipanga kuingia feri. Safari ya maji ni fupi, lakini kusubiri kunatosha kufikiri, na leo nilifikiri juu ya orodha ile.

Wapemba wamekaa pwani ya Kenya kwa vizazi, kuanzia Vanga na Shimoni kusini hadi Kilifi kaskazini, wakivua, wakioa na kuolewa, na kuzikana na jirani zao. Hata hivyo, ni mwaka wa 2023 tu serikali ilipowatambua rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Wamakonde wa Kwale waliwatangulia: Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43. Msomaji aliyezaliwa na haki hii huenda asione uzito wake. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hawezi kufungua akaunti ya benki. Na leseni ya uvuvi huisikia kwa wengine. Mjomba aliweka fedha zake kwa miaka katika laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani, akimwamini jirani huyo kwa kila shilingi. Hakudhulumiwa, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakuna mtu mzima anayepaswa kuishi kwa hisani ya jirani.

Saa 2:15 asubuhi. Ofisini nilifungua msimbo wa zamani, yaani maagizo yanayoiendesha programu, na kuitafuta orodha yenyewe. Niliikuta imeandikwa ndani ya programu, mistari 42, tena kwa alfabeti. Nambari hiyo 42 kila Mkenya anaijua, kwa kuwa imesemwa katika hotuba za kisiasa tangu tukiwa watoto, na aliyeandika programu aliichukua ilivyo na kuifanya kuwa sharti: asiyekuwamo katika mistari hiyo hawezi kubonyeza kitufe cha kuendelea. Wamakonde hawamo. Wakenya wenye asili ya Kiasia, waliotambuliwa Julai 2017 kuwa kabila la 44, hawamo. Washona na Wapemba, waliotambuliwa baadaye, hawamo vilevile. Serikali ilibadili msimamo wake mara kadhaa na orodha haikusogea, kwa maana tangazo la Ikulu haliingii lenyewe katika msimbo. Lazima aketi mtu na kuliandika.

Mwenzangu wa meza ya pili alipendekeza tuongeze mistari inayokosekana na kuendelea na kazi nyingine. Ni kazi ya dakika tano. Mimi nilitaka tujiulize kwanza chama kinalitumia wapi jibu hilo. Tulipekua programu yote, ripoti kwa ripoti, na hatukupata mahali hata pamoja ambapo kabila linaingia katika hesabu ya akiba, ya mkopo au ya gawio. Swali liliulizwa, likahifadhiwa, basi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaiweka asili ya kikabila ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inamkinga kila mtu dhidi ya kutakiwa kutoa bila sababu ya lazima habari za familia yake na mambo yake ya siri. Kwa nchi iliyopitia ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, hifadhidata inayoonyesha jina, kabila na kijiji cha mtu si karatasi ya kuachwa popote. Nilipendekeza kwa maandishi swali liondolewe kabisa.

Saa 4:00 asubuhi. Orodha ya kabila haikuwa mwisho wa kukataliwa kwa watu. Fomu ilidai nambari ya kitambulisho iwe ya tarakimu 8, ilhali wazee wengi wana vitambulisho vya tarakimu 7. Ilidai majina matatu na kuliita la tatu jina la ukoo, ilhali kwa Waislamu wengi wa pwani jina la tatu ni la babu, na baba na mwana hawana jina moja la tatu. Hayo niliyarekebisha upesi. Kilichochukua asubuhi yangu ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu iliyomo katika ng'.

Fomu ilikubali herufi peke yake katika majina, bila alama nyingine. Mtu mwenye ng' katika jina lake, na hao wamejaa katika nchi hii kuanzia mlimani hadi ziwani, aliambiwa kwamba jina lake si sahihi. Sababu yake ni ya kiufundi na ni vyema ieleweke. Katika lugha ya kuulizia hifadhidata, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Programu ikiliunganisha jina moja kwa moja na agizo lake, ritifaa iliyomo ndani ya jina huonekana kuwa mwisho wa maneno, na yanayofuata husomwa kama sehemu ya agizo. Mwizi anaweza kuutumia mwanya huo kuingiza maagizo yake mwenyewe. Aliyeandika fomu aliiogopa hatari hiyo, na alikuwa na haki ya kuiogopa, lakini aliuziba mwanya kwa kuwafungia nje wenye majina. Dawa ya kweli imejulikana kwa miaka mingi: agizo hupelekwa peke yake na jina hupelekwa peke yake, ili hifadhidata isichanganye moja na jingine hata jina likiwa na alama gani.

Kisha kuna tatizo la pili lililojificha nyuma ya hilo. Baadhi ya simu hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Mama aliyesajiliwa kwa simu moja atatafutwa kwa simu nyingine na karani atamwambia kwamba hayumo. Niliandika sehemu inayozileta aina zote za ritifaa kwenye umbo moja kabla ya jina kuhifadhiwa na kabla ya kutafutwa, nikaijaribu kwa majina mengi kadiri nilivyoweza kukumbuka, ya Kigiriama, ya Kikuyu, ya Kijaluo, ya Kikalenjin. Kazi hii naiheshimu. Kuandikwa jina lako kama ulivyopewa na wazazi wako ni jambo dogo mpaka siku utakaponyimwa.

Saa 7:00 mchana. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye kibanda nyuma ya ofisi, na mwenzangu akarudi kwenye mjadala wa asubuhi. Yeye anaamini kwamba sisi tunapaswa kuandika programu na kuwaachia wanasiasa siasa zao. Ni kijana mwema na hoja yake ina msingi wa tahadhari, hivyo sikuipuuza. Nilimkumbusha kisa cha Rose Njeri, mwandishi wa programu na mama wa watoto wawili, aliyekamatwa mwishoni mwa Mei 2025 kwa sababu alitengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma kwa barua pepe pingamizi zao juu ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Alishtakiwa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018, na Juni mahakama ya Milimani ikayatupa mashtaka. Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Yeye aliurahisisha ushiriki huo kwa msimbo, na alilipa kwa usiku aliolala kizuizini mbali na wanawe.

"Ndiyo maana ninasema tukae mbali," alinijibu. Nilimwambia kwamba hatuna huko mbali pa kukaa. Aliyeandika ile mistari 42 hakukusudia siasa hata kidogo, na bado mwaka huu mzee mmoja wa Mayungu ameambiwa na simu kwamba hayumo nchini. Njeri walau alijua anachokifanya. Hatukukubaliana, lakini alirudi ofisini akaniomba nimwonyeshe sehemu ya ritifaa, na mchana wote aliifanyia majaribio kwa bidii.

Saa 8:30 mchana. Viongozi wa chama walifika kwa mkutano: mwenyekiti ambaye ni tajiri wa mashua mbili, katibu, na mweka hazina ambaye ni mama karanga, mmoja wa wanawake wanaonunua samaki bandarini na kuwakaanga kwa ajili ya soko. Suala la kabila walilipokea bila ubishi. Ubishi ulitokea kwenye nafasi ya mwenzi.

Fomu ya zamani ina nafasi ya mwenzi mmoja. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na za kimila ambamo mume anaweza kuwa na wake zaidi ya mmoja, na kati ya wavuvi hao wapo wengi wa namna hiyo. Mwenyekiti alisema nafasi moja inatosha, mwanachama amwandike amtakaye. Mweka hazina alimwacha amalize, kisha akatueleza juu ya mvuvi aliyefia baharini akiacha wajane wawili. Kitabuni alikuwamo mmoja. Wa pili, mwenye watoto wadogo, alikuja bandarini siku baada ya siku kuuliza haki ya wanawe, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumsaidia. "Sisi tulimjua," alisema mama huyo, "lakini kitabu hakikumjua, na fedha hutolewa na kitabu."

Baada ya maneno hayo mwenyekiti hakuwa na la kuongeza. Nikawaeleza kwamba kwa upande wa hifadhidata jambo hili si gumu: badala ya safu moja ya mwenzi ndani ya jedwali la wanachama, tunaweka jedwali lake pekee la wategemezi, ambamo mwanachama mmoja anaweza kuwa na mistari mingi, kila mstari na uhusiano wake na fungu lake. Ugumu uko kwa watu. Ni nani atakayeruhusiwa kuusoma ukurasa huo? Wapo waume ambao mke mmoja hana habari za mwingine, na karani akiufungua ukurasa mbele ya asiyehusika anaweza kuvunja nyumba kwa dakika moja. Sheria ya 2019 ilipotaja taarifa nyeti iliyataja pia majina ya watoto, ya wazazi, na ya mwenzi au wenzi wa mtu, kwa wingi kabisa. Tulikubaliana kwamba ukurasa wa wategemezi utafunguliwa na mwanachama mwenyewe na afisa mmoja tu, na kila unapofunguliwa programu itaandika ni nani na ni saa ngapi. Nilitamani mkutano uishie hapo, lakini tulibaki saa nzima nyingine tukijadili ada.

Saa 11:00 jioni. Feri, msongamano, watoto, kazi ya shule. Binti yangu mkubwa ana swali la hesabu ambalo baba yake analiweza kuliko mimi, nami nikawaachia.

Saa 2:00 usiku. Baada ya chakula tulimpigia Mjomba simu, sauti ikiwa wazi ili mama naye asikie. Nilimwamkia, shikamoo kwa marahaba, kisha nikampa habari njema: swali la kabila linaondolewa, na wiki ijayo ataweza kujiandikisha. Alinyamaza kidogo. "Mama," alisema, na ananiita hivyo tangu nilipoolewa, "sisi tumedai maisha yetu yote tuandikwe. Sasa tumeandikwa, na wewe unafuta?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza: kwamba daftari la taifa ndilo linalompa haki zake, ikiwa ni pamoja na kupiga kura Agosti 2027 kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, kwamba kitabu cha akiba kinahitaji kujua ameweka kiasi gani, hakihitaji kujua asili yake, na kwamba orodha inayomtaja leo kwa heshima inaweza kesho kushikwa na mtu mwenye nia nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema anaelewa hofu yangu, lakini hofu hiyo ni ya watu ambao hawajawahi kukosekana katika orodha. Mama mkwe alikuwa upande wa kaka yake. Mume wangu alikuwa upande wangu, ila si kwa sauti kubwa.

Saa 3:30 usiku. Bado naamini swali hilo halina kazi ndani ya fomu ya mkopo. Hata hivyo, maneno ya Mjomba yana uzito ambao pendekezo langu la asubuhi halikuubeba, na uamuzi huu haupaswi kufanywa na mimi na mwenzangu wa meza ya pili peke yetu. Nimemwandikia mwenyekiti nikimwomba aliweke suala hili mbele ya mkutano wa wanachama, nikaeleza hoja zangu, na chini yake nikaweka maneno ya Mjomba kama alivyoyasema, kwa idhini yake. Wakati huohuo lile sharti limeondolewa: kuanzia kesho asiyejibu swali hilo ataendelea hadi ukurasa wa tatu.