Majina kwenye ukuta wa Butrint

Miaka mingi nilikuwa naitazama pichani sakafu ya jengo la ubatizo katika magofu ya mji wa kale wa Butrint: tausi, mizabibu, ndege na wanyama wa kila aina, vyote vimepangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi katika karne ya 6. Ndiyo iliyonitoa kwetu hadi kusini kabisa mwa Albania, nikapanda basi la asubuhi kutoka Sarandë. Kufika pale, nikakuta mchanga.

Nguzo zipo, 16 za granaiti, nane nane, duara ndani ya duara, zikizunguka birika la ubatizo. Sakafu yenyewe hufunikwa karibu muda wote, maana maji ya ardhini hayaachi kupanda na yangeiharibu. Moyo uliniuma. Lakini nilipozunguka pale mara ya pili, nikaona wamefanya vyema. Heri ilale salama bila mimi kuiona kuliko niione ikibanduka kijiwe kimoja kimoja.

Nikashuka kwenye ukumbi wa maonyesho wa Wagiriki. Ngazi za kukalia zimeegemea kilima, na pale chini maji yalikuwa yametuama, kijani, kobe wawili wameota jua juu ya jiwe. Ardhi ya Butrint imekuwa ikididimia tangu kale. Wengi walikuwa wakiwapiga picha kobe. Mimi niliuendea ukuta ulio kando ya njia ya kuingilia, kwa sababu kwa mbali niliona kama jiwe limekwaruzwa.

Yalikuwa maandishi. Herufi za Kigiriki, ndogo kama punje za mtama, mstari juu ya mstari, nyingine zimefutika kabisa. Ni kumbukumbu za watumwa walioachwa huru katika karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo. Mwenye mtumwa alimweka chini ya ulinzi wa Asclepius, mungu wa uponyaji ambaye hekalu lake liko papo hapo, na jina la aliyeachwa huru likachongwa hadharani, ili asije mtu kesho akadai kuwa huyu ni wangu. Miongoni mwa walioacha watumwa huru walikuwamo pia wanawake.

Sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki tunalijua neno mtumwa kwa namna ambayo haihitaji maelezo. Nilisimama pale muda mrefu, jua limenipiga kisogoni, nikifuata kwa kidole hewani, bila kugusa, herufi za jina moja ambalo hata kulisoma siwezi. Huyu aliondoka hapa na jiwe kuwa shahidi wake. Wangapi hawakupata jiwe?

Baadaye nilikaa ndani ya kanisa kuu, matao yamesimama bila paa, magugu yameota sakafuni. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote Albania, makanisa na misikiti ikafungwa, na mingi ikabomolewa. Niliposimama kuondoka, mama mmoja aliyevaa kitambaa cheusi kichwani aliingia, akafanya ishara ya msalaba mbele ya madhabahu isiyokuwapo, akatoka kimya.

Kabla ya basi nilirudi ukutani. Kivuli kilikuwa kimegeuka, na herufi zilisomeka vizuri zaidi kuliko asubuhi.