Katika chumba cha mahojiano cha Bi Makabe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la wiki hii ni Waebrania 4:13, na mnivumilie, maana safari hii limeniingilia kwa mlango wa televisheni. Binti yangu wa mwisho yuko nyumbani kwa likizo, na jioni hatazami kitu kingine ila tamthilia za Kijapani. Nilianza kwa kukaa naye tu, ninachambua mchele, simwelewi mtu hata mmoja. Siku ya tatu ungo niliuweka chini nikaomba miwani, nisome yale maandishi yanayopita.

Tamthilia yenyewe inaitwa Kinkyu Torishirabeshitsu, yaani Chumba cha Mahojiano ya Dharura. Kituo cha TV Asahi cha Tokyo kilianza kuionyesha Januari 2014, ikarudi 2017, 2019 na 2021. Mpelelezi wake ni mwanamke, Makabe Yukiko. Anayemwigiza ni Amami Yuki, aliyewahi kuwa nyota wa Takarazuka, lile kundi la jukwaani ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, na yeye sifa yake ilikuwa kuigiza wanaume. Mtazame anavyovuta kiti na kukaa, utaamini.

Bi Makabe alikuwa mtu wa kuzungumza na watekaji. Siku moja mazungumzo yakamharibikia, akahamishiwa kwenye kikosi kidogo cha wahoji, katikati ya wanaume watu wazima wenye vitimbi vyao. Mumewe, naye polisi, alikuwa ameuawa. Basi anaingia chumbani na msiba wake kifuani, anakaa mbele ya mtu anayeshukiwa kuua. Hakuna kufukuzana kwa magari, na risasi ni nadra. Kuna meza, viti, na kamera inayorekodi kila neno, huku wenzake wakifuatilia kutoka chumba cha jirani. Anauliza. Ananyamaza. Anauliza tena kitu kidogo ambacho hakikutarajiwa, mathalani chakula au viatu. Binti yangu ananigusa: “Mama, usisinzie, huyu anaanguka sasa hivi.”

Kumbe “kuanguka” ndilo neno lao hasa. Wapelelezi wa Japani mtuhumiwa akikiri husema *ochita*, ameanguka. Wana usemi mwingine pia, kutapika matope, na hapo nilicheka kwa sababu hata sisi mtu akisema yote tunasema ametapika. Lakini neno lililonikalisha wima ni tishio la Bi Makabe mwenyewe kwa mtuhumiwa wake. Anasema atamfanya *maruhadaka*. Binti akatafsiri huku anaona haya kidogo: uchi wa mnyama.

Ndipo nikaifuata Biblia chumbani. “Wala hakuna kiumbe kisichokuwa wazi mbele zake, lakini vitu vyote vi utupu na vimefunuliwa machoni pake yeye aliye na mambo yetu.” Vi utupu. Nimeusoma mstari huu tangu darasa la kipaimara, na siku zote nimempa Mungu, bila kujua, kiti kile cha upande wa pili wa meza. Yeye anauliza, mimi najikunyata, malaika wanatazama kwenye skrini.

Na lazima niseme ukweli kwamba nilikuwa nikifurahia mno. Saa moja inatosha. Mwovu analia, anasema yote, tunazima taa. Nilimwambia binti yangu, laiti na huku mambo yangekwenda hivyo. Akaniangalia akasema, “Mama, hata huko kwao hayaendi hivyo.” Akanisimulia habari za Hakamada Iwao, nami sikulala vizuri usiku ule.

Hakamada alikuwa bondia aliyestaafu ngumi, akifanya kazi kwenye kiwanda cha miso, kiungo cha mchuzi cha maharage ya soya, mkoani Shizuoka. Mwaka 1966 bosi mmoja wa kiwanda, mkewe na watoto wao wawili waliuawa, nyumba ikachomwa moto. Hakamada akakamatwa. Sheria ya Japani inaruhusu mtu kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kushtakiwa, na wakili hakai naye wakati wa mahojiano. Kurekodi kwa kamera, kama chumbani kwa Bi Makabe, kumekuwa lazima kisheria tangu 2019 tu, tena kwa kesi nzito chache. Wakati wa Hakamada hapakuwa na kamera. Walimhoji saa nyingi mchana na usiku kwa karibu siku 20, naye akaanguka. Akakiri. Mahakamani akakana, lakini wazee wa kazi ile wana msemo kwamba kukiri ndiko mfalme wa ushahidi. Mwaka 1968 akahukumiwa kunyongwa.

Alikaa gerezani hadi 2014. Humo ndani, mwaka 1984, alibatizwa. Dada yake Hideko hakuacha kumpigania, na Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ilitamka kuwa hana hatia, na kwamba ushahidi ulitengenezwa, ikiwemo ile hati ya kukiri kwake iliyopatikana kwa mahojiano yasiyo ya kiutu. Alikuwa na miaka 88. Hideko 91.

Sasa sikilizeni kipande hiki, maana ndicho kilichonifanya niandike. Hukumu ya 1968 ilitolewa na majaji watatu. Mdogo wao, Kumamoto Norimichi, hakuamini kwamba yule bondia ameua. Wenzake wakamzidi kura, na kazi ya kuandika hukumu ya kifo ikaangukia kwake yeye. Akaiandika. Mwaka uliofuata akaacha ujaji. Akanyamaza hadi 2007, ndipo akasema hadharani kwamba tangu mwanzo alimwona mtu yule hana hatia. Miaka 39. “Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa.” Zaburi ya 32 nilikuwa naiona ni ya Daudi tu na mambo yake ya Bathsheba.

Kwa hiyo katika kesi hii watu wawili walifungua kinywa. Mmoja alibanwa mpaka akasema, na alichosema kilikuwa uongo. Mwingine hakuitwa na polisi wala hakuwekwa kizuizini, na kinywani mwake ndimo ulimotoka ukweli.

Nami nina chumba changu cha mahojiano. Ni jiko. Miaka kadhaa iliyopita zilipotea elfu thelathini za mchango wa msiba nilizokuwa nimekabidhiwa na jumuiya. Nyumbani tulikuwa na binti wa kazi, mtoto wa watu kutoka Singida, mpole, hajui hata kubishana. Nilimkalisha kwenye kigoda tangu chai ya asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Sikumpiga, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa hilo. Nilimuuliza tu, nikamuuliza tena, nikamwambia akisema nitamsamehe. Mwishoni akasema, “Nimechukua, mama.” Nikamuuliza zipo wapi, hakuwa na jibu. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Alipanda basi kesho yake. Masika ya mwaka ule nilivaa koti la mvua, mfuko wa ndani, zile hela.

Niliagiza nauli na salamu kupitia mtu anayekwenda kule. Nauli ilifika. Salamu sijui.

Katika tamthilia za polisi za Kijapani kuna kichekesho cha zamani: mpelelezi anamwagizia mtuhumiwa *katsudon*, bakuli la wali na nyama ya nguruwe ya kukaanga na yai juu, naye anakula, anabubujikwa na machozi, anasema yote. Katika kazi halisi hairuhusiwi, maana chakula kinaweza kuhesabiwa kuwa kishawishi. Binti aliponieleza nilimkumbuka Petro.

Alikuwa amemkana Bwana kando ya moto wa makaa, akiota moto na watumishi kwa sababu ya baridi. Kule Tiberia, Yohana 21, anafika ufukweni ameloa maji anakuta nini? Moto wa makaa. Juu yake samaki, na mkate. Kama kuna mtu aliyejua kupanga chumba cha mahojiano ni Yesu. Lakini kabla ya kumhoji Petro anasema, “Njoni mfungue kinywa.” Wakala wakashiba kwanza. Na maswali yalipokuja, yote matatu, hakuna hata moja lililouliza kuhusu usiku ule wala jogoo. “Wanipenda?” Petro anahuzunika, anajibu, “Bwana, wewe wajua yote.” Hiyo ni Waebrania 4:13 kinywani mwa mvuvi, na anaisema akiwa na harufu ya samaki mikononi, hana anachotetea tena.

Nikarudi kwenye Waebrania nikaona nimekuwa nikiishia njiani miaka yote hii. Mistari mitatu mbele, yule yule aliyeona utupu wetu anatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Kiti kingine kabisa.

Mtuhumiwa wa jikoni kwangu sikumpa hata kikombe cha chai asubuhi ile. Mimi nilikunywa.

Juzi nimepata namba ya simu ya mdogo wake, anauza mboga stendi. Anasema dada yake ameolewa, ana watoto wawili, na akitaka kuongea nami ataniambia. Ninaandika haya Ijumaa usiku. Binti yangu ananiita, Bi Makabe ameshaingia chumbani. Nimemwambia aendelee peke yake, simu nimeiweka mezani mbele yangu.