Kamera ina akili kukupita, waliniambia: picha za ngoma usiku juu ya lava

Nianze na kile kipara. Kati ya picha mia mbili na kitu nilizopiga Julai 2018, kwenye onyesho la kwanza la kikundi cha ngoma cha dada yangu mdogo, iliyotoka vizuri kuliko zote ni ya kisogo cha papa mmoja, yaani mzee, aliyekuwa amekaa mbele yangu. Kipara kinang'aa kama sufuria mpya, kovu dogo karibu na sikio linaonekana, hata jasho unaweza kulihesabu. Nyuma yake ni giza. Ndani ya giza, ukikaza macho, kuna fulana nyeupe kumi zinaelea zenyewe. Hao ndio wachezaji.

Dada yangu alizitazama zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kimya. Mwisho akaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, sasa miye niko wapi?"

Kosa ni langu, lakini si langu peke yangu. Siku mbili kabla nilikuwa nimepita kwa mwenye studio mmoja hapa Goma, mzee wa harusi na ubatizo, aliyeanza kazi enzi za filamu. Nilimuuliza nifanyeje, maana onyesho ni la nje na litaingia usiku. Alicheka. "Weka kwa otomatiki, nyanyua flashi, basi. Ile kamera iko na akili kukupita." Jina lake silitaji, ana watoto wa kulisha.

Kwenye harusi yuko sawa kabisa. Bibi arusi yuko mita mbili mbele yake, ukuta mweupe nyuma, dari nyeupe juu. Mimi nilikuwa mita saba au nane kutoka jukwaani, na Canon EOS 600D yangu ina flashi ndogo yenye nguvu ya namba 13. Namba hiyo unaigawa kwa namba ya upenyo wa lenzi, ile inayoandikwa f (ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Kwa f/5.6 na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), mwanga unafika mita mbili na kidogo. Ukipandisha hadi ISO 400, mita nne na nusu hivi. Baada ya hapo unamulika hewa. Hesabu hii ya shule ya msingi niliijua wiki moja baada ya aibu.

Tena hewa yenyewe si tupu. Onyesho lilikuwa kwenye uwanja wa shule, nao ni mweusi, lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita pale, na Julai ni kiangazi. Vijana kumi wakirukaruka juu ya ile changarawe, vumbi linapanda mpaka magotini, upepo wa ziwa unalileta kwako. Kila chembe iliyo karibu na lenzi inapigwa na flashi kabla ya mchezaji, na kwa kuwa iko karibu, inatoka kubwa, ya mviringo, nyeupe. Picha zangu zilijaa madoa hayo. Mjomba alipoziona aliita watu wa nyumbani waje haraka waone theluji imeanguka Goma. Mpaka leo akinikuta na kamera anauliza kama nimebeba koti.

Katikati ya onyesho nilishtuka, nikazima flashi, nikageuza gurudumu kwenye P, kamera ijipangie mwanga yenyewe. Hapo ndipo kamera ilinidanganya mara ya pili, na ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kwenye kioo kidogo cha nyuma picha zilionekana zina mwanga. Nikafurahi! Kumbe kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kwamba uwanja wetu ni mweusi. Chenyewe kinaamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, inatoa rangi ya kijivu. Kikiona lava nyeusi, anga nyeusi, na watu weusi katikati, kinasema: huku kuna giza sana, tufungue zaidi. Kikaacha shata, lile pazia la ndani ya kamera, wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Matokeo: ardhi imekuwa ya kijivu kama saruji, mikono ya wachezaji imekuwa moshi, na fulana zimeungua zikawa karatasi tupu, hakuna mkunjo, hakuna maandishi ya kikundi yaliyochapwa kifuani kwa pesa zao wenyewe.

Halafu nikataka kubadilisha lenzi. Nilikuwa nimeazima ya kuvuta mbali, ya milimita 55-250, nikachuchumaa gizani, ile ya 18-55 nikailaza chini, juu ya kofia yangu, eti ni usafi. Mtoto akapita mbio. Nilipoinua kofia, lenzi ilikuwa kwenye changarawe. Vumbi la lava lina ukali wa chupa iliyosagwa. Likiingia kwenye pete ya lenzi halitoki kwa kupuliza.

Baada ya hapo kila mtu akawa mwalimu. Mmoja aliniambia ninunue kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa, ya dola elfu na zaidi, kama vile nilizificha chini ya kitanda. Mwingine akasema usiku haupigwi picha, unapigwa video. Nilichonunua ni lenzi moja, 50mm f/1.8, imetumika, dola themanini hivi, labda tisini ukihesabu moto, yaani pikipiki, ya kwenda na kurudi na soda niliyomnunulia muuzaji ili ashushe bei. Haivuti, haisogei, ni ya plastiki. Lakini f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko f/5.6. Ukitaka kuvuta, una miguu.

Onyesho la pili lilikuwa Agosti, uwanja uleule. Safari hii nilienda kwenye mazoezi yao mara tatu, na hapo ndipo niliposhika jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kamera ya namna hii ina kioo ndani. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka na kitundu cha kuchungulia kinakuwa cheusi kwa kitambo kidogo. Maana yake, ukiona mruko mzuri kwenye kitundu, huo umeukosa. Picha yako ni ile ambayo hukuiona. Kwa hiyo nilikaa juu ya tofali, bila kamera, nikisikiliza ngoma. Kwenye wimbo wa tatu mpiga ngoma anagonga mbili nzito, ananyamaza, kisha watu wanaruka. Nikajifunza kubonyeza ndani ya ule ukimya. Na mtu aliyefika juu kabisa ya mruko husimama hewani, kitambo kidogo sana, kabla ya kurudi. Hapo hata shata ya wastani inamshika. Dada yangu aliniona nikitikisa kichwa na kubonyeza hewa kwa kidole, akawaambia wenzake nimeanza kuchanganyikiwa.

Sasa taa. Walikuwa na taa nne za LED kwenye vyuma viwili, na kijana wa taa alikuwa na mapenzi makubwa na rangi nyekundu. Jicho linaipenda nyekundu, lakini kamera inaionea tabu: sehemu ya nyekundu inajaa mpaka inafurika wakati kijani na bluu ziko karibu na sifuri, na uso wa mtu unakuwa kibandiko kimoja, hauna pua wala shavu. Nilimfuata wakati wa balansi ya sauti, saa kumi na moja na nusu. Sikuenda mikono mitupu, nilienda na brosheti tatu za mbuzi na pilipili yake. Nikamwomba nyeupe mbele na nyekundu yake aiweke nyuma. "Bila rangi haiko onyesho," akasema. Nikamwambia rangi ibaki, ila mbele wakati wa wimbo wa tatu na wa tano anipe nyeupe. Alipomaliza brosheti ya pili tulikuwa tumekubaliana.

Jua likazama, maana huku Goma saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia, halikawii. Taa zikawashwa kwa majaribio. Nikamwita dada yangu asimame katikati ya jukwaa, nikapanda na kamera mpaka puani kwake. Upimaji wa mwanga nikauweka kwenye nukta ya katikati tu, ile nukta nikaiweka shavuni, lava isiwe na sauti kwenye mazungumzo. Kamera ikasema 1/125, f/2.2, ISO 1600. Hapo ndipo wengi wangekubali. Lakini kumbuka kamera inavyoamini: kila kitu ni kijivu. Uso wa dada yangu si kijivu, ni mweusi wa kupendeza kama wa mama yetu, na nikiitii kamera itampausha kama aliyejipaka mkorogo. Nikapunguza mwanga nusu, wapiga picha wanaita hatua moja: 1/250. Kwa pigo moja uso ukarudi rangi yake, fulana ikapata mikunjo, maandishi yakasomeka, na mikono ikaacha kuwa moshi. Nikaweka M, yaani naamua mwenyewe, kila kitu kikabaki hapohapo. Kipimo kikawa kinapiga kelele usiku kucha kwamba picha ni nyeusi mno. Nilimwacha alie.

Mengine ni ya kawaida: faili za RAW (picha ghafi, kamera haijazipika), nukta ya katikati kwa kulenga kwa sababu ndiyo yenye nguvu kwenye 600D, betri ya pili mfukoni, kadi ya GB 8 ambayo kwa RAW inabeba karibu picha 300. Lenzi sikuibadilisha hata mara moja. Kamera niliifunga kwenye sashe yenye tundu la lenzi na mpira wa kufungia nywele. Haipendezi, ila vumbi halikuingia.

Nikasimama hatua kumi kutoka jukwaani, na nani yuko mbele yangu? Kisogo kile. Nikamsogelea: "Papa, samahani, unaweza kusogeza kiti kidogo?" Akageuka, akanitazama, akatazama kamera. "Weye njo ulinipiga kichwa?" Dada yangu alikuwa ameisambaza ile picha kwenye simu za mtaa mzima. Nikaomba radhi kwa mikono miwili. Alisogea, lakini akadai kwanza apigwe picha ya uso, kwa ISO hiyohiyo. Nikampiga, na ni nzuri.

Wimbo wa tatu ulikwenda kama nilivyoota. Kabla ya wa tano jenereta ikazima, na ilipowaka kijana wa taa alikuwa ameshasahau brosheti zangu. Nyekundu kila mahali. Nilishusha mwanga hatua nyingine, nikitazama kwenye ule mchoro wa kamera unaoonyesha wingi wa nyekundu, kijani na bluu kama mlima wa nyekundu umeacha kugonga ukuta wa kulia, na nyumbani zile zote nikazigeuza nyeusi na nyeupe kwa darktable, programu ya bure. Watu wanadhani nilikusudia. Nami siwakatazi.

Nilirudi na picha 280 na kitu, nikabakiza 27. Ya dada yangu yuko juu, magoti yamekunjwa, mikono wazi, vumbi chini yake limesimama kama wingu dogo. Lile lile vumbi. Picha hiyo ameibandika ukutani juu ya kitanda, ukubwa wa A4, karibu dola tatu.

Ile lenzi ya 18-55 bado ninayo. Ukizungusha pete inasaga kama jiwe la mahindi, lakini inafanya kazi kuanzia 24 kwenda juu. Dola thelathini. Mwenye kuitaka aje tuzungumze, ila wa ishirini asinisumbue.