Tulivyoipata orodha ya waliolipwa baada ya mafuriko

Sisi wa Tana ya chini, tunaolima kando ya Mto Tana, tumezoea mafuriko. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa kutoka Masinga hadi Kiambere yakajaa, maji hutufikia hata kama kwetu jua linawaka. Lakini yale ya mwisho wa 2023 yalizidi, na kabla hatujainuka yakaja mengine ya Aprili na Mei 2024. Mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yaliozea shambani, migomba ikang'oka na shina.

Baadaye tulisajiliwa kwa ajili ya msaada: jina, kitambulisho, simu, ekari. Tukangoja sana. Kisha pesa zikaanza kuingia kwenye simu za wachache. Huyu kapata, jirani waliyepakana naye shamba hakupata. Maneno yakazagaa: chifu amekula, mzee wa kijiji ameandika watu wake. Mimi sikutaka kumtuhumu mtu bila ushahidi. Nilitaka orodha.

Kijana wa mapokezi katika ofisi iliyohusika aliniambia, "Mama, hiyo ni siri ya ofisi." Nikamjibu, "Mwanangu, pesa za umma hazigawiwi kwa siri." Nikaenda kuandika barua.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaonyesha njia. Ombi unaweza kuliandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Kuwasilisha ni bure, labda ulipie nakala. Na asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, kwa maana walioachwa wengi kwetu ni kina mama wazee ambao hawakusoma.

Niliomba majina kwa kila kijiji, kiasi alichotumiwa kila mmoja na tarehe. Nambari za vitambulisho na za simu sikuziomba. Si haki kuzianika, na zingewapa sababu ya kujificha nyuma ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nakala yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo, kwa sababu ndio ushahidi kwamba ofisi imepewa siku zake 21 za kujibu.

Siku hizo ziliisha kimya. Kisheria, kunyamaza ni kukataa, na una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, iliangalie upya suala lako. Nikaiandikia, nikaambatisha nakala yenye muhuri. Baadaye ofisi ile ile ikaniita nichukue orodha.

Tuliisoma barazani, chini ya mwembe, jina kwa jina kwa sauti. Mama mmoja akainua mkono: "Huyo tulimzika kabla ya mafuriko." Mwingine alikuwa amehama zamani, shamba limeshauzwa. Lakini wengi waliokosa walikuwamo kwenye orodha, ila jina limekosewa herufi moja na halilingani na lililosajiliwa kwenye simu, kwa hiyo pesa hazikuwafikia. Chifu alifarijika kuliko sisi sote. Alikuwa ameitwa mwizi muda mrefu bila mtu kushika karatasi.

Waliokosa tuliwaandikia barua moja ya pamoja, kila mmoja na mashahidi wawili wanaopakana naye shamba. Baadhi wameshalipwa. Kuhusu jina la marehemu, tumeomba kwa maandishi tuelezwe pesa zile zilitumwa kwa simu iliyosajiliwa kwa nani, na tunangoja jibu. Msimu ujao tunadai orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu kabla shilingi ya kwanza haijatumwa, wanakijiji waisome na kuisahihisha wakati bado kuna cha kusahihisha.