Nilivyoishikisha kutu kwenye utando ili inase aseniki

Aseniki ni sumu, lakini haina ladha, haina harufu, haina rangi. Ukichemsha maji, maji ndiyo yanayopungua kwa mvuke. Yenyewe inabaki sufuriani na kukolea zaidi. Nilikuwa nalijua hilo darasani, lakini halikuniingia mpaka siku tulipopima kisima kimoja cha pampu ya mkono mkoani Geita. Maji yake yalikuwa maangavu, na watu walikuwa wakipita visima vingine kuyafuata hayo. Karatasi ya kipimo iliingia kwenye chupa ikiwa nyeupe, ikatoka kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Tulipoilinganisha rangi ile na chati, tulikuwa karibu na 100.

Miamba yenye dhahabu ya ukanda ule ina arsenopairiti, madini yenye chuma, salfa na aseniki pamoja. Hewa na maji vikiyafikia, aseniki inaachiwa. Kwa hiyo hata kisima kilicho mbali na mgodi kinaweza kuwa nayo.

Niliifanya kuwa mada yangu ya shahada ya uzamili. Mwanzoni wengi waliniuliza kwa nini nisitumie kichujio cha kawaida. Aseniki imeyeyuka kabisa majini. Inapita kwenye vitundu vinavyozuia bakteria kama vile haijaona kitu. Inayoikamata ni kutu. Oksidi ya chuma huinasa na kuishikilia, na huko Bangladesh, ambako visima vya bomba vilivyochimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970 vilikuja kugundulika kuwa na sumu hii, chuma kimetumika hata kwenye vichujio vya nyumbani. Mimi nilitaka kutu hiyo ikae juu ya utando wa polima, yaani karatasi laini ya plastiki yenye vitundu vidogo sana, ili chombo kimoja kizuie vijidudu na kinase aseniki.

Nilitumia utando wa PVDF, aina mojawapo ya plastiki. Nikauchovya kwenye kloraidi ya chuma, kisha kwenye kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Rangi ya kutu ikatokea palepale na nikafurahi sana. Nilipopitisha maji, yakatoka ya manjano: kutu yote ilikuwa inabanduka. PVDF haipendi maji, hivyo tabaka lilikuwa limekaa juujuu tu, kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye mafuta. Nilirudia wiki tatu nikibadilisha nguvu ya dawa, na tatizo halikuwa kwenye dawa hata kidogo.

Msimamizi wangu ndiye aliyenielekeza kwenye dopamini. Kome wa baharini hujigandisha kwenye mwamba kwa kemikali ya jamii hiyo, na mawimbi hayawang'oi. Nikaulaza utando usiku kucha kwenye maji ya dopamini yenye pH 8.5, ukawa wa kahawia iliyoiva. Baada ya hapo chuma kilishika. Nikausugua kwa kidole, nikaupitishia maji siku nzima, yakatoka safi. Maji niliyoyatia aseniki mwenyewe maabara yalishuka chini ya 10.

Halafu nikaleta dumu la maji ya kisima chenyewe, na utando ukashindwa.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote. Maabara nilikuwa nimetumia asenati, umbo mojawapo la aseniki, ambalo lina chaji hasi na kutu huivuta kwa urahisi. Chini ya ardhi, kusiko na oksijeni, aseniki nyingi huwa katika umbo la asenaiti. Hilo halina chaji kwenye pH ya maji ya kawaida, kwa hiyo linateleza. Isitoshe, fosfeti iliyomo majini inafanana na asenati kama pacha, na silika nayo inagombania nafasi zilezile kwenye kutu. Dawa ya asenaiti ni kuigeuza kwanza iwe asenati. Klorini kidogo, ya vichupa vya kutibia maji, inafanya kazi hiyo ndani ya dakika chache. Ila klorini iliyobaki ililipausha tabaka langu la dopamini, nikaliona likififia siku hadi siku. Nikaweka mkaa ulioamilishwa katikati ili uimalize klorini kabla maji hayajafika kwenye utando. Nikapunguza na kasi pia: ndoo juu, ndoo chini, maji yashuke kwa uzito wake tu. Nilipoyasukuma kwa pampu, hayakupata muda wa kugusa kutu vya kutosha.

Nilirudi kijijini na ndoo zangu. Bibi aliyenipokea alikuwa na viganja vigumu vyenye vinundu, na kwa miaka mingi alikuwa amedhani ni jembe. Sikumwambia kwamba ni maji. Mwenye kusema hivyo ni daktari, na nilimsihi aende. Nilimwomba pia wasiyanywe maji yangu mpaka majibu ya maabara yarudi, waendelee na ya mvua. Yaliporudi, yalikuwa chini ya 10.

"Sasa mjukuu wangu," akaniuliza, "huo utando ukichoka nitajuaje, na wewe unasema sumu haina ladha?"

Hilo ndilo swali ambalo kamati ya chuo haikuniuliza. Kutu ikijaa, maji yanaendelea kutoka maangavu vilevile. Unaweza kuuosha kwa kostiki na ukatumika tena, lakini kostiki hiyo sasa ndiyo yenye aseniki, na haimwagwi shambani. Ninaikusanya kwenye dumu lenye alama na kuirudisha maabara. Tukakubaliana kuhesabu ndoo. Nilipima utando unapoanza kulegea, nikachukua nusu ya idadi hiyo kuwa kikomo, ikawa ndoo 40.

Bibi alichukua kipande cha mkaa jikoni, akachora mstari wa kwanza ukutani juu ya ndoo.